Hewa ya Jiko na Hewa ya Nyotani

Mvua ilinyesha kijijini Machochwe tangu alfajiri, na baridi ilikuwa kali. Boke aliwasha jiko la mkaa barazani. Moshi ulipoisha, akaliingiza chumbani kwa mkwewe, Mokami, aliyejifungua siku tisa zilizopita. Akafunga dirisha na mlango. Mzazi lazima apate joto. Ndivyo alivyotunzwa yeye, na nani angembishia?

Mchana Mokami alisema, "Mama, kichwa kinagonga. Na mtoto hanyonyi, analala tu."

"Ni uchovu wa uzazi," alijibu Boke, lakini moyo haukutulia.

Mvua ilipokatika, jirani yao Judith, mwalimu wa fizikia, alikuja kumwona mzazi. Alipoona jiko, alimbeba mtoto, akamshika Mokami mkono, akawatoa hadi barazani.

"Shikamoo, mama. Jiko hilo lina hewa ya sumu. Inaitwa kaboni monoksidi."

"Marahaba. Sumu gani? Moshi umeisha zamani. Sinusi kitu."

"Haionekani wala hainuki, mama."

Boke alikasirika. Miaka yote ya kutunza wazazi, leo binti huyu amfundishe jiko!

"Sasa wewe umeijuaje?"

"Watu wanaijua hata ilipo mbali. Nyota nyingine zimezungukwa na vumbi na mawe, kama masalia ya ujenzi. Mawe yenye barafu yakigongana, hewa hii hutoka."

"Nani alikwenda huko kunusa?"

"Hakuna. Kila hewa hutoa mawimbi yake, kama kila kituo cha redio kilivyo na namba yake. Wataalamu wana antena kubwa sana. Wakiipata namba ya hewa hii, wanajua ipo."

Boke aliguna. "Basi ilete hiyo antena isikilize chumba changu."

"Hapa hatuihitaji. Dalili ni kichwa cha Mokami, na huyu asiyenyonya."

Boke alimtazama mjukuu wake. Hofu ikamshika, ubishi ukamwishia. Akalitoa jiko, akafungua dirisha, akampigia simu mwanawe Simioni alete bodaboda. Wakawahi zahanati.

Wote wawili walipona. Muuguzi alieleza kwamba mtoto apate joto kifuani kwa mama, ndani ya blanketi.

Wiki mbili baadaye Boke alikwenda kumpongeza mzazi mwingine kijijini. Alikuta mlango umefungwa, jiko linawaka ndani. Hakusalimia mtu. Aliwatoa mama na mtoto, akalibeba jiko nje, akafungua madirisha yote. Ndipo akaketi, akasema, "Haya sasa, habari za hapa?"