Barua ya Namegabe

Saliha alikuwa amebakiza boksi moja tu la barua za zamani afunge kazi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya madepo ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na chumba cha nyaraka kilikuwa na joto zito la karatasi zilizozeeka. Barua zile ziliandikwa na watu wa kwanza walioshuka kufyeka pori la bonde la Rusizi ili walime. Nyingi hazikuwahi kutumwa. Kazi ya Saliha ilikuwa kuzipanga kwa miaka.

Mlango ulilia.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi...

Mwanamke mmoja akaingia, miguu peku, imejaa tope. Na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Kwa kumtazama, hakuzidi miaka thelathini.

"Mi nimefuata barua yangu," alinong'ona. "Sijui kusoma. Unisomee."

"Jina lako nani, mama?"

"Namegabe."

Kweli ilikuwepo, juu kabisa ya boksi. *Kwa Namegabe, mke wangu.* Mwaka 1952.

Saliha alidhani huyu ni mjukuu aliyerithi jina la bibi yake. Akaanza kusoma.

"Mke wangu, udongo wa huku unakataa mbegu. Mganga anasema unataka mutu. Wamepiga kura, imekuangukia we. Usije. Kama ulishakuja na wamekufukia shambani, tafuta mutu akusomee barua hii mpaka mwisho. Maneno ya chini ni ya mganga. Akiyatamka, we utatoka, na yeye ataingia..."

Saliha akaacha kusoma. Ilibaki mistari miwili.

"Maliza."

"Apana."

"Kila mutu anafika hapo, ananyamaza. Nimechoka giza, dada. Maliza."

"Mi nina mutoto mudogo, mama."

"Na mi nilikuwa naye."

Saliha alifumba macho, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Alipoyafumbua, chumba kilikuwa kitupu. Tope lilibaki sakafuni, bado bichi.

Alikimbia hadi getini kwa Patrick, mlinzi, akamuuliza yule mwanamke amepita wapi.

"Amepita nani?" Patrick alishangaa. "Mi sijaona mutu tangu saa kumi."

Alikuwa bado anahema pale alipokumbuka. Asubuhi ile, picha za barua zote za boksi lile zilitumwa mtaa wa Kigobe, kwa Lisette, mfanyakazi mwenzake. Kazi ya Lisette ni kuzisoma kwa sauti na kuzirekodi.

Akapiga simu. Ikaita. Ikaita...

Ikapokelewa.

"Lisette! Ile barua ya 1952, usiisome!"

Kisha kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu anayetema udongo.

"Huyu amemaliza, dada," sauti ya Namegabe ikanong'ona. "Sasa uniambie... mutoto yangu iko wapi?"