Diski ya Pili

Filamu ile hakuiweka yeye. Mihayo alikuwa na hakika, kwa kuwa kila kilichokuwa ndani ya sanduku la diski alikiingiza kwa mkono wake, kanda baada ya kanda, na kukipa jina. Harusi. Ubatizo wa Kwandu. Felisita akichambua mchele. Sasa mwisho wa orodha kwenye televisheni, chini ya picha ya Felisita na ungo wake, palikuwa na kijidirisha cheusi kisicho na jina.

"Baba, hiyo ni ipi?" Kwandu aliuliza.

"Kasoro ya mashine. Nitaifuta."

Aliifuta. Walipomaliza kula ilikuwa imerudi, na Kwandu hakuwa amegusa ugali wake.

Mihayo alikuwa bwana shamba, msomi wa chuo kikuu, mtu wa kupima udongo kabla ya kuusemea. Kamera ya video aliinunua miaka ile soko la pamba lilipoachiwa huru, makampuni binafsi yakawa yanagombea wakulima wa Bariadi na maduka yakajaa vitu ambavyo baba zao hawakuviota. Felisita alicheka siku alipoileta nyumbani. "Wenzako wananunua ng'ombe, mume wangu, wewe umeninunulia jicho." Lakini alikubali kupigwa picha, na ndani ya kanda zile alibaki akiimba kwa kuguna, midomo imefungwa, vidole vikitafuta mawe kwenye mchele.

Alipokufa, kanda zilianza kuota ukungu. Ndipo Mihayo akanunua lile sanduku, akaliunganisha na ruta, akalipa anwani isiyobadilika ili televisheni ya sebuleni ilikute palepale kila siku. Ndani aliweka diski mbili. Kila kilichoandikwa kwenye moja kilijiandika na kwenye nyingine, kwa sababu alifundishwa chuoni kwamba kitu chenye nakala moja ni kitu ambacho kimeshapotea, ila hakijajua.

Kuna jambo moja hakumwambia mtu. Siku ya kuanua matanga, Mektilda, dada mkubwa wa Felisita, alikuja kutoka Kimali akakaa mkekani kugawa vitu vya marehemu, kama inavyopasa. Kanga zilikwenda kwa shangazi, vyungu kwa wifi, saa ya mkononi kwa mdogo wao. Mkeka ulipobaki mtupu aliinua macho.

"Shemeji, ni vyote?"

"Vyote."

Kanda zilikuwa uvunguni mwa kitanda. Hakuona kwamba amesema uongo. Sauti si nguo.

Asubuhi moja, Kwandu akiwa shuleni, Mihayo aliifungua filamu nyeusi. Kwanza palikuwa na giza na mguno ule, ule wa Felisita wa kuchambulia mchele, halafu giza likawa sebule yao wenyewe, imepigwa picha kutoka pembe ya kochi ambapo Felisita alizoea kukaa na ambapo hakuna aliyekaa tangu azikwe. Picha ilipanda na kushuka polepole, kama inayobebwa na kifua kinachopumua. Katikati yake alionekana mwanamume mwenye shati la bluu, amekaa kwenye stuli, amegeuza kisogo, anatazama televisheni.

Mihayo aliangalia mkono wa shati lake. Lilikuwa la bluu.

Hakugeuka. Alisikia harufu ya udongo uliolowa, udongo mbichi uliotoka kuchimbwa, ilhali mvua ilikuwa haijagusa mtaa wao wa Somanda kwa miezi, na alipojilazimisha hatimaye kugeuza shingo aliona kochi tupu, mto wake umebonyea katikati, nao ukaanza kuinuka taratibu, kama unavyoinuka mtu mzito anapoondoka.

Tangu hapo Kwandu akawa haendi kucheza. Akawa anakaa mkono wa kochi, si kwenye kochi lenyewe, na chakula chake anawapa kuku.

Jumamosi mchana umeme ulikatika mtaa mzima. Redio za majirani zilinyamaza kwa pamoja, ukabaki mngurumo wa bodaboda kutoka upande wa hospitali. Mihayo alikuwa nyuma ya nyumba anafua, akasikia mtu anacheka ndani kwa sauti ya chini, akaacha shati ndani ya beseni, akaingia na povu mikononi, akapita jikoni ambako palinuka udongo, akafika mlangoni mwa sebule na kuona taa ya kijani ya lile sanduku inawaka katika nyumba isiyo na umeme, na mbele ya kioo cheusi cha televisheni mwanawe amesimama, kichwa kimeinama upande kama mtoto anayesukwa nywele.

"Kwandu," alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Usikae hapo, baba. Mama amekaa."

"Anasema nini?"

"Ananiita Mayu, yaani mama, kama zamani. Anasema nisile. Nikiwa mwepesi ataweza kunibeba."

Alimnyanyua mtoto akatoka naye nje mbio. Alikuwa mwepesi kweli.

Mektilda, aliyeitwa kwa simu usiku huohuo, alifika na gari la kwanza siku iliyofuata, pamoja na mganga aitwaye Mashimba, mtu mfupi mwenye suruali iliyopigwa pasi na simu iliyolia kama ndama.

"Mwangaluka," Mashimba aliitikia salamu, akasimama mbele ya sanduku mikono nyuma. "Hiki ndicho? Nilidhani ni kikubwa. Bwana shamba, hiki nacho kinapandwa au kinafugwa?"

Mashimba aliinama. Alinusa pembe ya kochi, na utani ukamtoka usoni.

"Matanga mliyaanua?"

"Mimi mwenyewe niligawa," Mektilda alisema.

"Kuna kitu hakikufika mkekani."

Mihayo akawaambia. Alieleza kwa utaratibu, kama ripoti ya shamba, hadi kwenye neno "vyote". Mektilda alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Shemeji. Ungeniambia tu. Ningezipokea, nikakurudishia."

"Sikiliza, mwanangu," Mashimba alisema polepole. "Huyu si mkeo. Mkeo amelala alipolazwa, hana neno na mtu. Kitu cha marehemu kisichogawiwa ni kama kiti kilichoachwa njiani. Jini limepita, limekuta kiti, limekaa, na limejifunza sauti ya mwenye kiti. Vunja vyote, kanda na diski. Mtoto aende Kimali kwa mama yake mkubwa hadi nyumba ipoe. Vikibaki, litavifuata popote viendako."

Kanda walizichoma uani. Kisha Mihayo alichomoa waya wa sanduku, akaingia ndani peke yake kufungua skrubu. Alitoka na diski moja, akaiweka juu ya jiwe na kuipiga nyundo mpaka ikawa vipande.

"Ni zote?" Mashimba aliuliza.

"Zote."

Ya pili ilikuwa kifuani, chini ya shati, ina joto la mwili wake. Alikuwa na nia ya kuivunja usiku. Alishika nyundo, akaiweka chini. Aliwaza kwamba sanduku ndilo lilikuwa kiti, na sanduku sasa limekufa. Aliwaza kwamba siku moja Kwandu atakuwa mtu mzima asiyeikumbuka sauti ya mama yake, na hatakuwapo wa kumwimbia. Akaifunga ndani ya sweta la shule, akaisukuma chini kabisa ya begi la mtoto.

Asubuhi basi la Mwanhuzi liliondoka na Mektilda na mtoto, kuelekea Kimali. Kwandu alikuwa amekula uji wote, akapunga mkono dirishani, na Mihayo alirudi nyumbani akiwa na nafuu ya kwanza tangu msibani. Nyumba haikunuka kitu. Mto wa kochi ulikuwa umejaa vizuri. Alikaa pale pembeni, pale pa Felisita, akawasha televisheni apate taarifa ya habari.

Orodha ilifunguka yenyewe. Waya wa sanduku ulikuwa sakafuni, sanduku lenyewe wazi na tupu, na kwenye kioo palikuwa na filamu moja tu, isiyo na jina, ambayo haikungoja kubonyezwa. Picha ilipanda na kushuka kwa pumzi. Dirisha la basi lilionekana, na vumbi, na mashamba ya pamba yakikimbia nyuma, na Mektilda amelala kinywa wazi, na karibu sana, karibu kuliko anavyoweza kukaa abiria yeyote, kichwa cha Kwandu kimelala mapajani pa yule anayetazama, begi amelikumbatia, na mkono mwembamba wenye udongo kwenye kucha unampapasa nywele polepole huku mguno ule ukiendelea.

Mihayo alipiga simu. Mektilda hakupatikana. Alipiga tena, amesimama wima katikati ya sebule, na kwenye kioo Kwandu akafumbua macho, akamtazama aliyembeba, akatabasamu.

"Ni vyote, Mayu?" sauti ya Felisita iliuliza.

Mtoto alifungua zipu ya begi, akaingiza mkono ndani ya sweta, akaishika diski, akatikisa kichwa kukubali.