Ndege Juu ya Paa la Niragira

"Kaka, hivyo vifaranga vyako vimekunywa maji kweli?"

Sostenes aliinua macho. Stendi ya Biharamulo ilikuwa imefurika mchana huo, wauza mayai ya kuchemsha wakigombea madirisha ya mabasi, na jua linawaka bila huruma. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, kiuno kimekaa sawasawa, kwapani amebana mzigo wa vitambaa vya satini. Alikuwa analitazama boksi ambalo Sostenes alilipakata magotini na kulifunika kwa kofia yake mwenyewe lisipigwe na jua.

"Vifaranga gani, dada?"

"Sasa mwanaume mzima anapakata nini namna hiyo kama si vifaranga?"

Sostenes akafungua boksi. Ndani ililala ndege nyuki, ile ndege ndogo isiyo na rubani aliyoitumia kupiga picha za harusi kutoka angani. Msichana akacheka mpaka muuza mayai naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Aliitwa Ineza, fundi cherehani wa Ngara mjini, na basi lao lilikuwa moja.

Njiani alimhoji kama askari.

"Kwa hiyo unairusha popote unapotaka?"

"Thubutu! Imesajiliwa, na kila kazi ina kibali chake. Kibali kinataja siku, saa na uwanja. Na juu ya nyumba za watu hairuki mpaka wenyewe waridhie."

"Na wewe unafuata yote hayo?"

"Mimi? Nimenyooka kama rula."

Ah, wanaume! Wakianza kujisifia unyoofu mbele ya msichana mzuri, ujue kona iko karibu.

Miezi minne simu zao hazikupoa. "Baba Vifaranga, umekula?" "Sijala, malkia wangu, nimeshiba sauti yako." "Muongo mkubwa wewe! Nenda kale ugali." Ineza alimshonea shati kwa kipande kilichobaki cha kile kitenge cha machungwa, na Sostenes akawa analivaa kila harusi mpaka maharusi wakamzoea nalo. Mwezi wa tano wa mapenzi yao akasema anataka kwenda kujitambulisha kwa mama.

"Ngoja nimwandae mwenyewe," Ineza alimwambia. "Mama yangu ana mambo yake."

Mambo gani, hakusema. Angesema tu, jamani! Mama yake, Niragira, aliikimbia Burundi akiwa binti, na Ineza alizaliwa Lukole, kambi ya wakimbizi. Miaka ya kambi ilimfundisha Niragira jambo moja: mkihesabiwa leo, kesho mtahamishwa, na hakuna atakayekuuliza kama unataka. Sasa alikuwa na nyumba ya bati pembezoni mwa mji, migomba, maharage, na karatasi zake za uraia sandukuni. Hata hivyo, gari geni likisimama karibu, alianza kuhesabu sufuria zake.

Jumamosi moja Sostenes alikuwa na harusi Ngara, na kibali chake kiliishia uwanja wa kanisa, saa kumi jioni. Saa kumi na robo maharusi wameshaondoka, betri bado ina nguvu, na nyumba ya mpenzi wake, aliyowahi kuonyeshwa kwa mbali, ipo ng'ambo ya migomba ile pale. Akawaza: nimpigie mama mkwe picha ya nyumba yake kutoka juu, niiwekee fremu, niende nayo siku ya kujitambulisha. Akairusha. Dakika tatu tu, ikavuma juu ya mapaa kumi na mawili, ikarudi. Akamtumia Ineza picha: "Zawadi ya mama. Nimemkuta anaanua nguo!"

Ineza alikuwa kwenye cherehani. Akaikuza picha kwa vidole, na mguu wake ukaacha kukanyaga. Mama yake alikuwa amepiga magoti uani, kando yake godoro na sufuria, na mikononi kitenge kikubwa anachokifunga. Nguo hazikuwepo hata moja. Ineza akatoka dukani mbio, kitambaa kikiwa bado kwenye sindano.

Simu ya Sostenes ikaita jioni hiyo.

"Malkia wangu, ameipenda?"

"Sostenes, mama yangu amefunga mizigo. Anasema wamekuja kutuhesabu. Majirani wanne tuliotoka nao kambini wamefunga pia. Mtoto wa jirani yuko chini ya kitanda, hataki kutoka."

"Mungu wangu. Ineza, mimi sikujua..."

"Sheria ulikuwa unaijua! Uliniambia mwenyewe kwenye basi. Ungepiga hodi tu. Hata kuku akiingia kwa jirani tunamfuata kwa hodi, wewe ukaingia kwa mama yangu kupitia juu?"

"Nisamehe."

"Furushi liko mlangoni, anasema halifungui. Mimi siwezi kuolewa na mtu anayemfanya mama yangu alale na viatu. Usinipigie."

Na kweli simu ikawa kimya. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Sostenes alikuja na meno yote. Jumatatu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Thobias, akajisema mwenyewe. Akapelekwa polisi, akaandika maelezo, ndege ikazuiwa. Ile picha aliifuta. Usiku akilala, alikuwa anamwona yule mama aliyepiga magoti.

Wiki sita baadaye akarudishiwa ndege na onyo kali. Na kazi ikaja, ikaja kule kule: Deodata, jirani wa Niragira, anaolewa, anataka picha za angani. Safari hii Sostenes aliomba kibali kipya, akaandika barua ya ridhaa, kisha akapita nyumba kwa nyumba kwa miguu, amevaa lile shati la machungwa. Kwa kila mlango alipiga hodi, akaomba radhi, akasoma barua. Wengine walimgombeza, mmoja akamfungulia mbwa, lakini mwisho nyumba kumi na moja zikatia saini. Ilibaki moja.

Furushi lilikuwa pale mlangoni, limeshika vumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Niragira hakumkaribisha ndani. Ineza alisimama nyuma ya mama yake, mikono kifuani, anamtazama kola ya shati. "Ndiwe wewe?"

"Ndimi, Mama. Nilipita juu ya nyumba yako bila kukuuliza. Nimekosa. Leo nimekuja kuuliza."

Akatoa barua kwa mikono miwili. Niragira akampa binti yake. "Soma."

Ineza akasoma polepole, mpaka palipoandikwa kwamba ndege haitaruka juu ya makazi bila ridhaa ya wenyewe.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Mana yanje," alisema Niragira, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Kumbe imeandikwa kwamba mimi niulizwe?"

"Ndiyo, Mama," alisema Sostenes.

"Na nikikataa?"

Sostenes aliitazama barua mikononi mwa Ineza. Deodata alimchagua yeye kwa ajili ya picha hizo tu. "Ukikataa, hairuki."

"Basi nakataa."

Ineza alishusha mikono.

"Sawa, Mama," alisema Sostenes. Akaipokea barua ile yenye saini kumi na moja, akaikunja, akaitia mfukoni. "Harusi ya Deodata nitaipiga picha nikiwa juu ya ngazi. Asante kwa kunisikiliza." Akageuka kuondoka.

"We kijana."

Akasimama. Niragira alikuwa ameinama mlangoni, anahangaika na fundo la kitenge. Vidole vilikataa, fundo lilikuwa limekaza wiki sita, mpaka Ineza akapiga magoti kumsaidia, machozi yakimdondokea mikononi. Furushi likafunguka. Sufuria zikaviringika sakafuni. Niragira akachomoa mkeka uliokuwa chini kabisa, akaukung'uta vumbi, akautandika.

"Maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu hapana akaitikia sawa," alisema. "Kaa. Ineza, mpe maji."

Ineza akaleta maji. Alipomkabidhi kikombe alimnong'oneza, sauti bado mbichi ya kilio: "Baba Vifaranga, umekonda. Ulikuwa huli?"

"Nilikuwa nakusubiri unikumbushe."

"Nawasikia," alisema Niragira, akipanga sufuria zake rafuni moja moja. "Na wewe kijana, waambie wazazi wako waje kuposa. Lakini waje kwa miguu, na wapige hodi."