Jino Pana la Ikupa

Nyumbani kwa Bibi Juliana, karibu na Uyole, kila mtu aliijua amri ya ndizi pacha, zile zilizoota zimeshikana: mwanamke mwenye mimba hazili, asije akazaa mtoto mwenye viungo vilivyoshikana. Kila mkungu ulipokatwa, Sekela, mjukuu wa miaka kumi na miwili, alizitenga ndizi hizo na kuwapelekea ng'ombe.

Mwaka ule wa 1974 Sekela alijiona si kipenzi cha Bibi tena. Mahali pake jikoni, ubavuni mwa Bibi, palikuwa pamekaliwa na Ikupa, mtoto wa miaka miwili, binti wa baba yake mdogo Yotamu. Ikupa alikuwa na jino moja pana la mbele, lenye mfereji katikati, na kila alipocheka, Bibi naye alicheka. Sekela aliyatazama hayo huku moyo ukimchoma.

Siku moja jirani aliuliza jino lile lilitokana na nini. Sekela akadakia kwamba Lea, mama yake Ikupa, alikula ndizi pacha shambani alipokuwa na mimba ya mtoto huyo, na kwamba yeye Sekela alimwona kwa macho yake. Ulikuwa uongo mtupu.

Lea alikana kwa machozi, lakini Bibi hakumsadiki. Kwa kuwa Lea alikuwa mjamzito tena, na Bibi alihofu angerudia kosa, aliamriwa arudi kwa wazazi wake Tukuyu, yeye na mwanawe, mpaka wazee wa ukoo watakapokaa kuliamua jambo hilo. Yotamu alimwomba mama yake jambo moja tu: kwanza mtoto aonwe na mganga wa meno mjini Mbeya. Bibi alikubali kwenda naye mwenyewe, na Sekela akaagizwa kumbeba mtoto mgongoni.

Mganga, Bwana Mika, alisikiliza habari ya ndizi, kisha akalichunguza jino kwa makini.

“Mama, haya ni meno mawili,” alimwambia Bibi. “Yaliungana yakiwa machanga ndani ya ufizi, mtoto angali tumboni. Sababu zote hatujazijua, ila mara nyingine jambo hili hurithiwa katika ukoo. Ndizi hazilileti. Usafisheni vizuri mfereji huu usioze, na mrudisheni meno ya utotoni yatakapoanza kung'oka, maana huenda jino moja la ukubwani lisiote.”

Hapo Bibi akasema kuwa marehemu kaka yake Alinanuswe alikuwa na jino kama hilo utotoni. Akamgeukia Sekela.

“Wewe uliiona hiyo ndizi?”

“Sikuiona, Bibi.”

“Basi ulisemea nini?”

“Nilitaka Ikupa aondoke.”

Jioni Bibi aliwakusanya watu wote wa nyumba. Kwanza yeye mwenyewe alimwomba Lea radhi, kwa kuwa alimhukumu bila kuchunguza, akafuta amri ya kumrudisha Tukuyu.

“Sekela,” akasema, “kumpenda Ikupa hakukupunguza sehemu yako. Wivu ulikutuma umfukuzishe mtu nyumbani kwake, nasi kwa kutojua tukakusaidia. Mimi nimekwisha kuomba radhi. Wewe uliyesingizia utalipa, ingawa u mtoto.”

Sekela alikwenda bandani, akamkamata mtetea wake wa pekee, aliyekuwa karibu kutaga, akampa Lea kwa mikono miwili. Lea akampokea.