Bahasha Mbili kutoka Vidunda

Ijumaa tarehe 30 Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ndani ya duka la steshenari karibu na stendi ya Mikumi, Vaileth alichana bahasha yake ya kaki na kutoa karatasi tano za daftari, tupu, zisizo na hata nukta ya wino.

Bahasha hiyo ilipaswa kuwa na fomu yake ya kuomba mkopo wa chuo, yenye saini ya mdhamini, muhuri wa mtendaji wa kijiji na muhuri wa hakimu. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa kesho yake. Msichana alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na bila mkopo nafasi hiyo ilikuwa sawa na kualikwa harusini mkoa wa mbali bila nauli.

Bahasha ya pili, ya Cleopa, ilikuwa salama. Cleopa alikuwa mtoto wa marehemu Natalia, mdogo wake mama yake Vaileth, na alilelewa nyumbani kwa kina Vaileth tangu akiwa na miaka sita. Kule Vidunda, kijijini kwao mlimani, hakuna anayewaita hao binamu. Ni kaka na dada, wamekula sahani moja.

Saa nne kasorobo Vaileth na Cleopa walikuwa kituo cha polisi, mbele ya Sajenti Odilia. Mama huyu alikuwa kazini mwaka wa ishirini na saba, na alikuwa na uvumilivu wa mtu anayechemsha maharage kwa kuni mbichi. Alipokea shikamoo zao, akaikagua bahasha kwanza, ndipo akawatazama usoni.

"Mwizi wa kuku anataka mchuzi," alisema. "Fomu yenye jina lako, mwizi ataifanyia nini?"

Akafungua daftari lake, akaanza kuuliza mmoja mmoja. Alhamisi saa nane mchana, mjomba Melkizedek alisaini fomu zote mbili kama mdhamini katika ofisi ya kijiji, maana kwa watu wa mlimani mambo ya watoto wa dada ni ya mjomba. Mtendaji aligonga muhuri, akazitia fomu kwenye bahasha zisiliwe na vumbi la njiani, akafunga kwa gundi ya ofisi na kuandika majina juu. Bahasha zililala nyumbani kwa mama yake Vaileth. Cleopa alilala kwa mjomba, kama ilivyo kawaida yake tangu akue. Leo alfajiri, saa kumi na moja na nusu, akazipitia, akatangulia nazo kwa bodaboda. Vaileth na mama yake wakafuata nyuma, na mama akabaki sokoni walipofika mjini.

"Pale Kidodi, njiani, ulisimama?" Odilia alimuuliza Cleopa.

Alikiri kwamba alisimama karibu nusu saa. Malori ya miwa yalikuwa yameziba njia, akanywa chai.

Vaileth akamgeukia. "Ulikuwa nazo peke yako. Yako ipo, yangu haipo. Mimi nifikirie nini, Cleopa?"

Inauma kumtazama kijana wa miaka ishirini akitafuta maneno ya kujitetea kwa dada yake. Cleopa alisema hakufungua chochote, kisha akarudia.

Odilia aliwaacha kituoni, akaenda mwenyewe dukani saa nne na nusu. Gerald, mwenye duka, naye alikuwa na sababu ya kushukiwa. Jumatano, akiwajazia fomu, alikosea mara mbili tarehe ya kuzaliwa ya Vaileth, wakabishana mbele ya wateja, na binti akamwita mvivu. Lakini wateja wawili waliokuwepo asubuhi hiyo walieleza vilevile kwamba Vaileth ndiye aliyeifungua bahasha, na Gerald hakuigusa.

"Nifiche fomu ya mtu ili nipate nini, afande?" Gerald alilalamika. "Juzi watoto wakiwa kwa hakimu, nilimwonea huruma hata mama yao. Nikamwambia asijipe matumaini makubwa, nyumba moja hawatoi mkopo kwa wawili."

Odilia akamuuliza fomu zinatumwaje. Gerald akaonyesha mashine yake kwa kidole. Siku hizi zinaskaniwa na kupandishwa mtandaoni, alisema. Mambo ya kupeleka bahasha posta yalikuwa ya zamani, na wanafunzi wote wanalijua hilo.

Saa tano kamili Bibiana, mama yake Vaileth, aliingia kituoni na kikapu chake. Wakamweleza kwamba fomu ya Vaileth haipo. Alishika ukingo wa meza.

"Ya Cleopa ipo?"

Ipo, wakamwambia. Ndipo akaketi. Katika maelezo yake alisema bahasha zililala ndani ya sanduku lake, na alfajiri alimkabidhi Cleopa azipeleke posta. Hakuona mgeni yeyote nyumbani jana yake.

Hapo Cleopa akasimama. "Afande, na yangu isitumwe. Kama ya Vaileth haiendi, basi yangu ikae."

"Nyamaza," Bibiana alisema, kwa ukali uliowashtua wote. "Yako inakwenda leo."

Odilia akafunga daftari. Akaisogeza bahasha iliyochanika katikati ya meza, akawaonyesha sehemu ya kufungia.

"Mtendaji alitumia gundi ya ofisi. Huu juu yake ni ugali, umekauka mpaka unabanduka. Ungepakwa leo asubuhi Kidodi usingekuwa hivi. Bahasha ilifunguliwa jana, nyumbani, na jana Cleopa hakulala pale."

Vaileth alitaka kusema neno, Odilia akamzuia kwa mkono.

"Tena aliyetia karatasi tupu alitaka bahasha ionekane imejaa. Angejua inafunguliwa Mikumi asubuhi hii, asingejisumbua. Aliamini itakwenda kwa watoa mikopo Dar es Salaam ikiwa imefungwa. Watoto hawa wanajua fomu zinaskaniwa. Gerald anajua. Mama, wewe umesema posta."

Bibiana hakubisha.

"Natalia alinishika mkono siku anakufa," alisema. "Akaniambia, mwanangu usimwache nyuma ya mwanao. Juzi nikaambiwa nyumba moja anapewa mmoja. Je, wakimchagua Vaileth? Ningemwambia nini marehemu? Nikaichoma ya mwanangu, jikoni, nikipika."

"Hakuna utaratibu huo," Odilia alisema taratibu. "Kila mtoto anaangaliwa kivyake. Dada yangu ana wawili, walipata mwaka mmoja."

Alitamani sana kumkamata Gerald, lakini hakuna sheria inayomfunga mtu kwa kusema asilolijua. Cleopa alikuwa analia waziwazi. Bibiana hakulia. Alikuwa anarudia kwa sauti ya chini: kila mtoto kivyake.

"Majibu yangetoka," Vaileth alimuuliza, "ungeniambia nini?"

"Kwamba hukupata."

"Na ningeamini."

"Ungeamini, mwanangu."

Odilia alifungua kitabu cha kuandikia kesi, akamuuliza Vaileth kama anataka kushtaki. Binti alikitazama kile kitabu, akatikisa kichwa. Basi sajenti akawaeleza kilichobaki. Fomu inaweza kuchapwa upya, na hakimu yupo mpaka saa tisa. Mjomba Melkizedek alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Msowero na simu yake haipatikani, ila mzazi mwenye kitambulisho cha taifa anaruhusiwa kuwa mdhamini. Muhuri wa mtendaji ungelazimu kupanda tena Vidunda leo hii na kushuka kesho kabla dirisha halijafungwa. Hakuwaahidi kwamba watawahi.

Saa saba na nusu Cleopa alirudi na fomu mpya. Odilia akaiweka mbele ya Bibiana pamoja na kalamu. Mama akaisukuma pembeni.

"Mimi niliyeichoma ndiye nimdhamini? Tafuteni mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine," Vaileth alisema. Akairudisha ile fomu mbele ya mama yake, akaweka kidole kwenye mstari. "Sijakusamehe, mama. Saini."

Bibiana akasaini, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shuleni. Vaileth aliichukua fomu, akaipitia yote toka juu mpaka chini, akampa Cleopa aibebe.