Vichembe vya Mwanga na Stroberi za Nonsan

Mvua ya Aprili ilimkuta Yeonju katikati ya msongamano wa kituo cha treni cha Daejeon, amekumbatia kisanduku cheusi kama kichanga. Akateleza mbele ya kibanda cha tambi. Kijana mrefu mwenye koti la buluu akaacha kula, akamdaka mkono, kisha akavua koti na kukifunika kisanduku.

"Umefunika sanduku, mimi nalowa," Yeonju akasema.

"Nimefunika unachokipenda zaidi."

Aliitwa Taegyu, mkulima wa stroberi kutoka Nonsan. Yeonju, daktari wa fizikia katika maabara ya chuo mjini humo, akamweleza kuwa mle sandukuni mna vichembe vya perovskaiti, fuwele ambazo zikimulikwa mara moja huukumbuka mwanga huo, karibu bila umeme.

"Vikifaulu, vihisi vya kupima joto kwenye vitalu vyako vya plastiki havitamaliza betri ovyo."

"Basi nitakuoa kwa ajili ya betri."

"Maliza tambi zako kwanza."

Tangu hapo simu zikawa haziishi. Jioni Yeonju alitembea kando ya mto, gauni lake jepesi likipeperuka, sauti ya Taegyu sikioni, akajiona kama anaelea.

"Umekula, daktari?"

"Kimbap baridi, wali wa jana uliokunjwa kwa mwani."

"Hicho si chakula, ni adhabu."

Majani yalipoanza kupukutika, vichembe vikaanza kukumbuka mwanga ambao hakuna aliyeuwasha. Yeonju alihangaika mpaka akagundua: ni kioo cha simu yake, kinachowaka mle kwenye chumba cha giza cha maabara kila Taegyu anapopiga. Simu ikaita tena, na profesa wake wa maabara naye anamwita.

"Taegyu, usinipigie kwa sasa. Unaniharibia kazi."

Akakata, akaifungia simu kabatini. Kazi ilipokamilika, baridi ilishaingia. Akaitoa simu, hakukuta hata ujumbe mmoja. Akapiga.

"Sitaki kuwa mharibifu," Taegyu akasema, akakata.

Yeonju akapanda basi la Nonsan akiwa bado na viatu vyake vya maabara. Alimkuta kitaluni, mwanga mweupe ukipenya kwenye plastiki, hewa imejaa harufu ya stroberi mbivu.

"Umefuata nini?"

"Mwanga wa simu ulikuwa unajiandika kwenye vichembe. Hata hivyo kila ulipopiga niliukimbilia. Kosa langu, sikukueleza."

Taegyu akaendelea kuchuma. "Mimi mtu akiniambia naharibu, naondoka."

"Nilikuwa naomba muda, sikukufukuza." Chozi likamdondoka shavuni.

Taegyu akavua glavu, akamfuta shavu kwa kiganja.

"Vimefaulu?"

"Vimefaulu. Sasa vinajaribiwa shambani, mwaka mzima. Nimeomba iwe hapa kwako. Nitakuja kila siku."

"Kutoka Daejeon? Utachoka."

"Basi nipe pa kukaa."

Taegyu akakunja glavu zake. "Mama atauliza unakaa kama nani."

"Mwambie kama mkwe wake."

Masikio ya Taegyu yakawa mekundu. Akamshika mkono, akafungua mlango wa kitalu, akaita kuelekea nyumbani:

"Mama, ongeza bakuli la wali."