Tarishi wa Nyumba ya Fundi Viatu

Majirani zangu, kama mngepita dirishani kwa fundi viatu saa moja jioni, mngeitamani nyumba ile. Taa inawaka, sufuria ya supu inafuka mvuke, fundi mwenyewe amekaa anabandua gundi iliyomgandia vidoleni, mkewe anakunja nguo zilizokauka, na binti yao wa miaka kumi amelala kifudifudi kwenye mkeka anaandika kazi za shule. Hakuna sauti iliyopanda wala mlango uliobamizwa. Mngesema watu hawa wamejaliwa.

Subirini kidogo.

"Mwambie baba yako ainue miguu, nataka kufagia," mama alisema.

Fundi alikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama mkewe, na masikio yake ni mazima. Lakini miguu hakuinua. Alingoja mpaka binti ageuke na kusema, "Baba, mama anaomba uinue miguu," ndipo akainua, macho kayaelekeza darini.

Miezi saba waliishi hivyo. Na msidhani kulikuwa na ugoni au ulevi. Chanzo kilikuwa utani. Mke yule alikuwa mwokaji katika kiwanda kidogo cha mikate, mtu wa kuamka alfajiri, na mikate yake ilisifiwa mtaa mzima. Siku dada zake watatu walipokuja kumtembelea, mkate aliowaokea nyumbani ukaungua chini. Fundi, ambaye hakuwahi kuona kicheko akakiacha kipite, akasema, "Mnaona? Wa watu anauivisha, wa kwangu anauchoma. Bosi wake akijua, hana kazi huyu!" Mashemeji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mke hakucheka. Wageni walipoondoka alimwambia mumewe, "Umeniaibisha mbele ya ndugu zangu."

"Ah, utani tu ule. Umekuwa yai, huguswi?"

Hapo mke akanyamaza. Fundi naye akajiambia, kama ni kununa, hata mimi najua kununa, tutaona nani atachoka. Ulimi hauna mfupa, lakini kwenye neno "nisamehe" wa kwake uliota mfupa.

Basi kazi ya maneno ikamwangukia mtoto. Mwambie baba yako. Mwambie mama yako. Wenzake mtaani wakambandika jina, Tarishi, naye akaliitikia. Ila alikuwa tarishi wa aina yake. Mama akisema, "Mwambie baba yako asipotengeneza bawaba ya mlango atalala nje," ujumbe ulifika hivi: "Mama anauliza kama utapata nafasi ya kutazama bawaba." Baba akifoka, "Mwambie mimi si mtumwa wake," mama alisikia, "Baba amesema atajitahidi." Kila neno chungu mtoto alilitia sukari kabla ya kulifikisha. Nyumba nzima ilisimama juu ya uongo wa mtoto wa miaka kumi, na wazazi wake wakadhani imesimama juu ya ukaidi wao.

Wakati huo kituo cha afya kilikuwa kimeanzisha darasa la familia, la kufundisha watu kuzungumza nyumbani, kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa mtaa. Mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba akialika watu. Alipofika kibandani kwa fundi, fundi aliangua kicheko, misumari midogo ameibana midomoni.

"Darasa la kufundishwa kuongea? Dada yangu, mimi nimeanza kuongea kabla sijaota meno!"

"Kuongea wengi tunajua, kaka," mhudumu alisema. "Mwenzio unaongea naye?"

Fundi akainamia kiatu, akapiga msumari pembeni. Mke naye alipoalikwa alijibu kwamba aende kwanza yule mwenye mdomo. Binti alisikia majibu yote mawili, na safari hiyo hakupata sukari ya kutia.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, sikio la kulia la binti likaanza kuuma. Alimwambia mama yake, ambaye alikuwa anakimbilia zamu. "Mwambie baba yako akupeleke zahanati, mimi nachelewa." Mtoto akaenda kibandani. Fundi, mikono imejaa gundi na wateja wamepanga foleni, akasema, "Mwambie mama yako yeye ndiye anayepita mlangoni mwa zahanati kila siku. Ana miguu, hana?"

Mtoto akasema, "Sawa, baba. Mama alisema huenda atanipeleka yeye." Jioni akamwambia mama, "Baba amesema atanipeleka." Alijua kuwa akiyafikisha maneno yale kama yalivyosemwa, kutakuwa na vita, na vita vyenyewe vitakuwa juu ya sikio lake. Kwa hiyo akalinyamazisha sikio.

Wazazi wote wawili wakalala wametulia. Siku nne. Fundi aliona binti amefunga kitambaa kichwani, akafikiri ni mitindo ya wasichana, akataka hata kumtania.

Ijumaa mwalimu alimpigia fundi simu. Binti alikuwa ameanguka darasani, mwili unawaka homa, usaha unatoka sikioni. Fundi aliacha kibanda wazi, viatu vya watu vimetapakaa, akakimbia na aproni yake kiunoni. Hospitalini alimkuta mkewe keshafika, unga umemjaa mikononi hadi kwenye viwiko. Daktari alitoka akauliza, "Mtoto ameumwa tangu lini? Nani alikuwa anajua?"

Ndipo mke akamgeukia mumewe na kumtazama usoni.

"Aliniambia wewe utampeleka."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia kwa miezi saba. "Mimi aliniambia ni wewe," fundi alijibu, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake. Wakaelewa wote wawili kwa pamoja. Fundi aliketi kwenye benchi la korido akalia mbele za watu, na hakujali.

Mtoto alipona, na tumshukuru Mungu. Lakini daktari aliwaambia bila kuwaficha kuwa sikio lile la kulia halitasikia tena kama zamani. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na fahali hawa hata hawakupigana, walinuniana tu.

Jumamosi iliyofuata baada ya mtoto kutoka hospitali, wote watatu waliingia ukumbini. Darasa liliendeshwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila mtu alimwita Sista. Aliwapanga watu wawiliwawili, viti vikitazamana, na sharti lake lilikuwa moja: kabla hujamjibu mwenzako, mrudishie kwanza alichokisema, mpaka akubali kwamba umemsikia.

Fundi na mkewe waliketi. Binti, bila kuambiwa, akavuta kiti akakaa katikati yao. Sista alipowaambia waanze, mama aligeuza uso kwa mtoto, baba naye akageuka huko huko. Ukumbi mzima ukaona. Sista akainama, akamshika binti mkono taratibu. "Mama mdogo, wewe umeshafanya kazi nyingi. Nenda nje kacheze."

Binti alifika mlangoni akarudi. "Sasa nani atawaambia?"

"Tutaambiana," fundi alisema. Mtoto alipotoka, fundi alimtazama mkewe, akahisi jasho kama mtu anayesomewa hukumu. "Mke wangu, siku ile ya dada zako nilikudhalilisha. Ukaniambia umeumia, na mimi nikakucheka mara ya pili. Nisamehe."

Mke akatimiza sharti. "Umesema ulinidhalilisha. Umesema nilikwambia nimeumia, ukanicheka." Alipangusa macho. "Umenisikia. Na mimi nilimtwika mtoto wangu hasira zangu. Hilo nalo ulisikie."

Hawakutoka pale wamekuwa maharusi. Walirudi Jumamosi nyingine, na nyingine, wakawa wanakosea, wanaanza upya. Jumamosi ya tano, wakiwa njiani kurudi nyumbani, binti alisimama ghafla barabarani.

"Nina ujumbe," alisema.

"Kutoka kwa nani?" baba aliuliza.

"Kwangu. Mimi nimewakasirikia. Nyinyi wote. Sana."

Fundi alikuwa na utani tayari kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza. Alihamia upande wa kushoto wa binti, upande wa sikio zima, akachutama mpaka nyuso zao zikalingana.

"Umesema umetukasirikia," alisema. "Wote. Sana."

"Sana," mama alirudia, naye amechutama hapo hapo vumbini.

Mtoto aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akihakikisha wamesikia. Kisha akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, na wao wakamshika wakamwacha alie mpaka amalize.

Funzo

Enyi wazazi wenzangu, mtoto si daraja la kupitishia hasira. Ukimtwika maneno yako, ya kwake atayaweka wapi? Yule binti alikuwa na ulimi wa kubebea ya watu wawili, akakosa wa kusemea maumivu yake mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nyumba ile ungezibwa na neno moja, "nisamehe," siku ile ile wageni walipoondoka. Mkialikwa kwenye darasa la namna hii mtaani kwenu, msicheke kama fundi alivyocheka. Si aibu mtu mzima kujifunza kuongea na watu wake. Aibu ni kungoja daktari ndiye aulize kilichokuwa kinatokea nyumbani kwako.